Sauti ya Kamanda Mfukoni

Nyuki siwapendi. Naanza na hilo ili mtu asije akanidhania mema. Chumba ninacholala dirisha lake lilikuwa likitazama mizinga sita, wafugaji wa mji huu nusu yao wamevaa mavazi niliyoyashona mimi, na asali nimeila hadi meno yakalalamika, lakini mapenzi yamekataa kuja. Nyuki akinipita karibu na sikio nakunja shingo na kuomba radhi kwa makosa ambayo sijayafanya. Dada yangu kila akiniona hivyo alikuwa anacheka mpaka anaushika ukuta.

Mwenye nyuki ni yeye. Mtaa mzima unamwita Kamanda, jina alilolipata kwenye jiko la hospitali, ambako ni mpishi mkuu. Lile ni jiko la masufuria ambayo mtu mzima anaweza kuogea ndani yake, na mvuke, na kelele za miko, na wapishi vijana wanaodhani chumvi hujitia yenyewe. Katika jiko kama hilo mtu hanong'oni. Dada amepiga kelele miaka mingi hadi sauti yake ya kazini na sauti yake ya nyumbani zimekuwa moja. Akikuuliza kama umelala vizuri, majirani watatu wanaitikia kwamba wamelala vizuri, asante.

Ninakaa kwake tangu nilipoachana na mume wangu, kisa ambacho si cha leo. Cherehani yangu iko kwenye kibaraza cha nyuma, na upande wa pili wa ua kuna karakana ya mume wake, shemeji yangu, fundi seremala. Kati ya cherehani na karakana ndipo mizinga ilipokuwa imepangwa, juu ya viti vya chuma, kila mguu wa kiti umesimama ndani ya kopo la oili chafu ili sisimizi wasipande. Kwa hiyo mimi nilikuwa nashona huku mgongo wangu uko macho.

Nyuki wenyewe walimfuata kazini. Siku moja kundi zima lilihama huko lilikotoka na kuamua kwamba stoo ya jiko la hospitali inafaa, juu kabisa ya rafu ya magunia ya mchele. Wapishi walitoka kila mmoja na mlango wake, na mmoja alitoka na dirisha. Dada alibaki. Alichukua katoni tupu ya mikate, akaikinga chini ya lile fundo la nyuki, akaitikisa rafu mara moja, wakaanguka ndani pu! Kisha akaifunika kwa kitambaa cha kuchujia maziwa. Walipomleta bwana mmoja anayefundisha watu ufugaji wa nyuki, alifika mbio akitarajia kukuta majeruhi. Akamkuta Kamanda ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya katoni, anawasomea nyuki ratiba ya chakula cha mchana.

"Mama," yule mwalimu wa nyuki akamwambia, "hawa mimi siwachukui. Hawa ni wako."

Basi yakaanza. Mwalimu alikuwa mtu mfupi, mwenye maneno mengi na pikapu yenye honi mbovu. Alimfundisha kila kitu, na dada, kwa kuwa yeye hawezi kujua jambo peke yake, alitufundisha sisi sote kwa lazima wakati wa chakula. Ndiyo maana mimi nisiyetaka najua kwamba mzinga wa kisasa ni nyumba ya ghorofa. Sanduku la chini ndipo malkia anapotaga, sanduku la juu ndiko inakowekwa asali, na katikati kuna wavu wa chuma ambao nyuki wa kazi wanapita na malkia hapiti, maana yeye ana mwili mpana. "Malkia hapandi ghorofani!" dada alikuwa akisema huku akigonga meza, na sahani zinaruka. Najua kwamba ndani ya kila sanduku zinaning'inia fremu za mbao, na nyuki wanajenga masega yao humo, ili mtu aweze kuvuta fremu moja moja kama mafaili ofisini, aangalie, airudishe. Najua bomba la moshi na mfuko wake wa kupuliza, na patasi bapa ya kubandulia fremu. Najua ile mashine ya kukamulia, pipa lenye mkono wa kuzungusha, ambamo fremu zinazungushwa mpaka asali inaruka na kuteremka ukutani, na masega yanabaki mazima tayari kwa kazi nyingine. Dada akiizungusha ile mashine alikuwa anaimba. Kuimba kwenyewe, tuseme tu kwamba nyuki wale walikuwa wavumilivu.

Na shemeji? Shemeji aliwaogopa nyuki kwa moyo wake wote. Nyuki mmoja akiingia karakana, yeye anaweka randa chini, anatoka nje taratibu, na kumwachia mgeni karakana mpaka atakapoamua kuondoka. Ni mtu mpole kupita kiasi. Wateja wanamwita Nafasi, kwa sababu hajatengeneza kitu chochote bila kuacha nafasi. Kiti chake kinakaliwa na mtu na mkoba wake. Kabati lake lina pahali pa nguo ambazo hujazinunua bado. Droo zake hazigandi msimu wa mvua, maana ameziachia pembeni upenyo wa mbao kuvimba. Kwa samani, tabia hiyo imemjengea jina. Kwa mizinga, tabia hiyo hiyo nusura itumalize.

Nyuki, bwana, hawataki nafasi. Au wanaitaka, ila kwa kipimo chao. Kati ya fremu na ukuta, kati ya fremu na mfuniko, iache upana wa penseli moja, wataiheshimu na kuitumia kama njia. Ukiibana kuliko hapo wataiziba kwa gundi yao. Ukiizidisha wataona ni kiwanja kitupu, na watajenga. Mizinga mitano ya mwanzo shemeji aliitengeneza dada akiwa amesimama nyuma yake na penseli mkononi, anaichomeka hapa, anaichomeka pale, na kupiga kelele. Wa sita aliutengeneza kwa siri. Alitaka kumshangaza mke wake.

Na alimshangaza kweli. Ulikuwa mzinga mzuri kuliko meza yetu ya kulia. Pembe zake zimeshikana bila msumari kuonekana, paa lake limeinama kidogo ili maji yateremke, na mlangoni amechonga maua madogo. Dada aliuzunguka mara mbili hajasema neno, na kwa dada hilo ni jambo la kuitia watu. Halafu akasema, "Hapa wataingia wale wa jikoni." Ndilo lile kundi la kwanza, la katoni ya mikate, lililokuwa bado kwenye mzinga wa kuazima wa mwalimu. Aliwahamishia humo siku hiyo hiyo, anafunika mfuniko huku anatabasamu. Penseli hakuikumbuka. Nani anapima zawadi ya mume wake mbele ya macho yake?

Kumbe shemeji alikuwa ameacha upana wa penseli tatu juu, na pembeni si haba. "Nilitaka wapumue," alisema baadaye. Maskini ya Mungu.

Tungeligundua mapema, lakini baada ya siku chache dada alidungwa. Alikuwa amedungwa mara zisizo na hesabu tangu aanze, akawa anazifuta kama jasho. Siku hiyo alikuwa amemaliza kazi, amefunua wavu wa usoni ili ajipanguse, na mmoja akamkuta shingoni. Alikuja mpaka kwenye cherehani yangu akaniambia, "Mdogo wangu, ulimi wangu umekuwa mzito." Midomo ilikuwa imevimba, na sauti, ile sauti, ilikuwa inatoka kama kwenye tundu la ufunguo. Akaanguka hapo hapo. Shemeji alimbeba mikononi hadi barabarani, mtu ambaye siku zote analalamika kiuno, na Mungu akatupa gari.

Alipona. Daktari, mama mmoja ambaye alikuwa akila chakula cha dada kila mchana na kwa hiyo alimpenda kwa dhati, alikaa kwenye ukingo wa kitanda na kumweleza wazi. Mwili umegeuka. Huko nyuma ulikuwa unastahimili sumu ya nyuki, sasa umeikataa, na mwiba mwingine mmoja tu wa nyuki unaweza kumwondoa kabla gari halijapatikana. Akampa dawa ya dharura ya kutembea nayo. Akamwambia nyuki basi.

Dada akarudi nyumbani, akanyamaza.

Sijui nilieleze vipi kwa mtu asiyemjua. Aliamka, akaenda kazini, akarudi, akala. Nikimuuliza kitu ananijibu kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu mwingine. Nilimtilia chumvi nyingi makusudi kwenye mchuzi ili nitukanwe. Akala, akasema asante. Nilikimbilia chumbani nikalia. Shemeji naye akawa anasimamisha randa katikati ya ubao na kusikiliza kama kuna mtu anaita, hakuna anayeita, anaendelea. Majirani walituuliza kama tumehama. Jioni dada alikuwa anakaa jikoni, dirisha limefungwa, anaitazama mizinga kupitia kioo, mikono imelala kwenye mapaja.

Mwishowe akampigia simu mwalimu wa nyuki, akamwambia aje aichukue yote. Bure.

Mwalimu alikuja kuikagua kabla ya kuisafirisha Jumamosi. Mizinga mitano aliifungua na kuifunga akisifia. Kwenye ule wa sita, mfuniko haukutoka. Akachomeka patasi, akasukuma, akaegemea, wapi! Akainama akachungulia kutokea mlangoni, akakaa chini kabisa, akacheka, halafu akaona uso wa shemeji, akaacha kucheka. Nyuki walikuwa wamejenga kila mahali palipoachwa. Masega yametoka kwenye fremu yameshika mfuniko, yameshika ukuta, yamekatiza kutoka fremu moja hadi nyingine. Nyumba nzima ilikuwa kipande kimoja.

"Huu haupandi gari," akasema. "Shimo la kwanza barabarani, masega yatakatika yamwangukie malkia. Lazima mtu aufungue, akate sega moja moja, ayafunge kwenye fremu za mzinga wenye vipimo, kukiwa na mwanga. Mimi Jumamosi kutwa nzima nina mavuno ya watu. Nitafika magharibi na pikapu. Nikiukuta uko hivi, nitachukua mitano."

"Na hawa?" shemeji akauliza.

Mwalimu akaangalia viatu vyake. Mzinga usioweza kufunguliwa, na mwenye kuutunza haruhusiwi kuukaribia, na nyumba yenye mtu ambaye nyuki mmoja anatosha kumuua. Sote tulielewa. Ungechomwa moto. Dirisha la jikoni lilikuwa limefungwa lakini dada alikuwa nyuma yake, na nadhani alielewa kabla yetu.

Jioni ile shemeji alikuja kibarazani, akasimama mbele ya cherehani yangu, anasokota kofia.

"Shemeji, nishonee."

"Nikushonee nini?"

"Mavazi. Ya nyuki."

Nilicheka hadi uzi ukakatika. Yeye hakucheka, basi na mimi nikaacha. Nilimpima mabega na mikono. Alikuwa ameshaanza kufumba macho, na kazi yenyewe iko siku mbili mbele.

"Uniachie nafasi kidogo kwapani," akasema.

"Nafasi ndiyo iliyotufikisha hapa, shemeji. Simama wima."

Jumamosi alasiri tuliwapitia majirani, wakafunga madirisha na kuingiza watoto ndani. Dada tulimfungia jikoni, matambara yamebanwa chini ya mlango, dawa yake ya dharura juu ya meza. Alikuwa haongei. Shemeji akapata wazo. Kwa kuwa dada, kwa ile sauti yake mpya, hawezi kusikika kupitia kile kioo, na yeye shemeji hajui hata pa kushika, alimpigia simu, akaiweka kwenye spika, akaitumbukiza kwenye mfuko wa shati ndani ya mavazi, nikampandishia zipu hadi kidevuni na kumshushia wavu. Na mimi nilikuwa nimevaa, kwa sababu mtu wa kufunga masega kwa uzi alihitajika, na fundi wa uzi katika ua ule ni mmoja. Nilimwambia Mungu mambo kadhaa ambayo sikuwa nimemwambia kwa muda mrefu.

Shemeji akausogelea mzinga. Akasimama. Akaendelea kusimama.

"Haya, Kamanda," akakiambia kifua chake mwenyewe. "Nianzie wapi?"

Nikageuka kuangalia dirishani. Dada alikuwa amesimama, simu sikioni, anatazama jinsi mume wake alivyolishika bomba la moshi juu chini.

"Fundi!" Kifua cha shemeji kikalipuka. "Hilo ni bomba au ni chupa ya bia? Ligeuze!"

Nyumba ya pili mtu akapiga makofi. Sina hakika ni nani, lakini nami nilitamani kupiga.

Kuanzia hapo hatukupumua. Moshi mlangoni, taratibu, si kama unaunguza shamba! Ngoja. Hesabu moyoni. Sasa waya. Alichukua waya mwembamba, nikashika ncha ya pili, tukaupitisha chini ya mfuniko na kuuvuta huku na huku, unakata masega kama mtu anavyokata sabuni. Mfuniko ukaachia. Wakapanda juu wote kwa pamoja, na wavu wangu ukawa mweusi. Shemeji aliganda.

"Fundi, unapumua?"

"Sijui."

"Pumua. Lakini geuza uso, usiwapulizie wao. Pumzi ya mtu hawaipendi."

"Hata ya kwangu?"

"Hasa ya kwako, umekula vitunguu!"

Alikata sega la kwanza kwa kisu cha mkate. Hapo nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Magoti yake yalikuwa yanacheza, lakini mikono ilikuwa imetulia, mikono ya karakana. Kisu kilipita palipotakiwa. Yale yenye asali tuliyatupa kwenye ndoo na kufunika. Yale yenye mayai na watoto aliyalaza kwenye fremu za ule mzinga wa kuazima wa mwalimu, nami nikayazungushia uzi wa pamba, nikaukaza na kuupiga fundo. Nyuki wenyewe watautafuna wakishaliunganisha sega na mbao. Alipofika la tatu, dada akapiga ukelele uliofanya hata nyuki watulie.

"Umelipindua! Vijumba vinaangalia juu kidogo, umevilaza chini, unataka watoto wamwagike? Mdogo wangu, na wewe umekaa tu unamtazama!"

Nilifumua, tukaligeuza, nikafunga upya. Wakati huo nyuki mmoja akapata tundu kwenye mkono wa vazi langu, tundu nililolishona mimi mwenyewe vibaya, akapanda hadi kiwikoni. Nilisema neno. Siliandiki. Simu ililichukua ikalipeleka jikoni, na spika ikaturudishia kicheko cha dada, mara ya kwanza tangu hospitali, kirefu, cha kukwaruza. Kwa kicheko hicho ningedungwa mkono wa pili.

Jua lilipoanza kushuka sega la mwisho lilikuwa limeingia. Ule mzinga wa zawadi ulikuwa mtupu, na wa kando yake, wenye vipimo, ulikuwa umejaa.

"Umemwona malkia?" dada akauliza. Alikuwa amemtia nukta ya rangi nyeupe mgongoni tangu zamani. "Nukta nyeupe, Fundi."

"Sijamwona."

"Tazama tena."

"Miwani imeingia ukungu, Kamanda. Naona nyeupe kila mahali."

Nami nilitazama, na sikumwona. Huenda alikuwa mle ndani. Huenda kisu kilimpitia, au amebaki kwenye ndoo ya asali amezama. Bila yeye kazi yote ile ilikuwa bure, maana kundi lisilo na malkia linajifia pole pole. Kifua cha shemeji kilikaa kimya, na ule ukimya wa wiki zote zile nikausikia unarudi.

Kisha dada akasema, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Itoe simu. Iweke juu ya fremu. Msiseme kitu."

Simu ilikuwa ndani ya zipu. Nilimtazama shemeji, naye akanitazama. Tungeweza kwenda mbali kwanza, nyuma ya karakana, lakini sidhani kama alilifikiria. Alishusha zipu palepale, katikati ya wingu la nyuki, akaingiza mkono, akaitoa simu, akainama akailaza juu ya fremu. Mmoja alimdunga kidevuni. Alikunja uso hadi miwani ikapanda, na hakutoa sauti.

Tulisimama. Mimi nilisikia mngurumo tu, kama ninavyosikia siku zote. Kule dirishani dada aliegemeza paji la uso kwenye kioo, simu sikioni, macho ameyafumba. Alikaa hivyo muda mrefu. Nikaona midomo yake inatetemeka, nikajua kwamba hakuwa anamtafuta malkia tu. Alikuwa hajawasikia tangu siku ile.

"Yumo," akasema. "Wangempoteza wangekuwa wanapiga mayowe, huku na huku. Hawa wanafanya kazi. Yumo. Funika."

Shemeji akafunika. Mfuniko ukakaa mahali pake, penseli moja juu ya fremu, na nyuki waliokuwa nje wakaanza kuingia mlangoni wakifuatana.

Magharibi honi mbovu ikalia getini. Mwalimu wa nyuki aliingia na dereva wake, akaufungua ule mzinga kidogo, akachungulia, akaufunika, akampa shemeji mkono kwa heshima ya mtu aliyepanda cheo. Nyuki walikuwa wameingia ndani. Akaanza kuziba milango ya mizinga kwa vipande vya sponji.

"Nianze kupakia upi?"

"Wowote," shemeji akasema. Simu ilikuwa bado mkononi mwake, bado iko kwenye spika. Kidevu kilikuwa kimemvimba, maneno yanatoka upande. "Pakia yote sita. Lakini hatuipeleki kwako, ndugu yangu. Tunaipeleka kule nje ya mji, kwenye uwanja wangu wa kukaushia mbao. Hakuna mtu anayeishi kule. Viti vya kuiwekea nimeshavitengeneza."

Mwalimu akabaki na sponji mkononi. Simu ndiyo iliyojibu.

"Fundi, unasema nini? Nani atawafungua huko? Mimi siruhusiwi hata kusimama getini."

"Mimi. Wewe utakuwa kwenye simu."

"Wewe unawaogopa nyuki!"

"Nawaogopa sana," shemeji akasema. "Hapa nilipo magoti hayana mifupa. Kila nikienda nitaogopa."

"Sasa?"

"Sasa ulivyonyamaza zile wiki, mke wangu, niliogopa zaidi."

Nyuma ya kioo dada aliweka mkono mdomoni. Alilia, na kwa kuwa dada hajui kufanya kitu kimya kimya, simu ilikitoa kilio chote hadharani, ua mzima, mtaa mzima, na hakuna aliyefungua dirisha. Mwalimu akageuka akajifanya anakagua matairi. Shemeji aliishikilia simu kwa mikono yote miwili, anaitazama kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga.

"Fundi," simu ikasema mwishowe.

"Naam."

"Mfuniko wa mzinga wa tatu umekaa upande. Na huyo mwalimu mwambie afunge kamba mara mbili, barabara ile ina mashimo. Na kidevu chako ukiwekee barafu. Unanisikia?"

"Nakusikia," shemeji akasema, akaenda kuuweka sawa ule mfuniko.